Karamu ya Watu Mia

Karamu ni jambo la heshima katika nchi zote. Watu hukusanyika kwa arusi, kwa ubatizo na kipaimara, kwa matanga, kwa Krismasi na kwa Idi; na desturi ya watu wa Afrika ya Mashariki ni kwamba mgeni aliyefika nyumbani haondoki na njaa. Desturi hii ni njema, lakini ina hatari mbili. Ya kwanza ni aibu ya chakula kupunguka kabla watu wote hawajala. Ya pili ni deni. Wako watu waliouza ng'ombe wa maziwa, au waliotumia fedha za ada ya shule ya watoto wao, ili wasifiwe siku moja. Wageni walikwenda zao wakiwa wameshiba, na kesho yake watoto wa nyumba ile walikaa bila maziwa, au walirudishwa kutoka shuleni. Sifa za karamu zilisahauliwa upesi, bali deni lilikaa mwaka mzima.

Tena, hatari hizi mbili hufuatana. Mtu anayeogopa aibu hununua vitu ovyo, naye huanguka katika deni. Na mtu anayeogopa deni hupunguza chakula ovyo, naye hupata aibu. Njia ya kuziepuka zote mbili ni kuhesabu kabla ya kununua, na kujua tabia ya chakula, ya moto na ya chungu. Maarifa haya yana faida kwa wasichana na wavulana sawasawa, maana kila mmoja siku moja atakuwa mwenyeji.

1. Hesabu ya watu

Kazi ya kwanza haifanyiki jikoni, bali kwa kalamu na karatasi. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Mwenyeji huandika majina ya watu aliowaalika, akitenga watu wazima na watoto wadogo, kwa kuwa mtoto mdogo hula karibu nusu ya chakula cha mtu mzima.

Tuchukue mfano. Wageni ni watu wazima 70 na watoto 40. Watu wazima ni mafungu 70, na watoto ni mafungu 20. Jumla ni mafungu 90. Lakini katika kila karamu huja watu wasioalikwa: jirani aliyesikia ngoma, msafiri apitaye njiani, ndugu aliyefuatana na rafiki yake. Hao hawafukuzwi. Kwa hiyo kila mafungu tisa huongezwa fungu moja, na jumla inakuwa mafungu 100.

Sasa kila fungu lipate mchele kiasi gani? Zamani, kabla ya kilo kuenea, watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Posho ya mpagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani zaidi ya nusu kilo, maana alichukua mzigo mzito mchana kutwa. Mgeni wa karamu hali chakula cha siku nzima, ila chakula cha mara moja, tena pamoja na mchuzi na mboga. Gramu 150 za mchele mkavu zinamtosha, nazo ni kama robo ya kibaba kile. Mchele ukipikwa hunywa maji na kuongezeka uzito mara mbili na nusu au zaidi, hata gramu 150 huwa sahani iliyojaa. Basi mafungu 100 ni gramu 15,000, yaani kilo 15. Mtu asiyehesabu angeweza kununua kilo 30, na nusu yake ingemwagwa.

2. Nini kinunuliwe kwanza

Watu wengi hukosea hapa. Huanza kwa kununua nyama, kwa kuwa nyama ndiyo fahari ya karamu. Na fedha zikiisha kwa mchinjaji, hununua mchele kwa zile zilizobaki. Utaratibu wa akili ni kinyume chake. Kwanza hununuliwa kile kinachoshibisha, yaani mchele, au unga, au ndizi, kwa kadiri ya nchi. Pili hununuliwa kile kinachojenga mwili kwa bei ndogo, yaani maharagwe, kunde, choroko, karanga au dagaa. Tatu hununuliwa mboga za wakati ule. Kisha fungu moja katika kumi la fedha huwekwa kando kwa chumvi, kiberiti, mkaa, na lolote litakalosahauliwa. Fedha zinazobaki ndizo za nyama.

Mtu asidhani kwamba maharagwe ni chakula cha kumdharau mgeni. Kilo moja ya maharagwe makavu ina chakula cha kujenga mwili karibu sawa na kilo moja ya nyama mbichi, wala bei zake hazifanani. Ni kweli kwamba maharagwe peke yake yana upungufu kidogo, na nafaka peke yake ina upungufu wake. Lakini kile kinachokosekana katika nafaka kimo katika maharagwe, na kile kinachokosekana katika maharagwe kimo katika nafaka. Vikiliwa pamoja hutimizana. Wazee hawakuwa na mizani ya wataalamu, lakini walilijua jambo hili kwa kuishi. Ndiyo sababu kande hupikwa kwa mahindi pamoja na maharagwe, na ugali huliwa kwa kunde au dagaa.

Kwa mafungu 100, kilo 5 za maharagwe makavu zinatosha kuwa kitoweo cha pili. Yakiisha kuiva huwa karibu kilo 12. Yakiungwa kwa tui la nazi pwani, au kwa karanga zilizosagwa katika nchi za bara, hakuna mgeni atakayeyaona kuwa ni chakula cha kimaskini.

3. Nyama kidogo kwa watu wengi

Fikiri sasa kwamba fedha zilizobaki zinatosha kilo 5 za nyama tu. Nyama ile ikichomwa juu ya makaa, utamu wake unabaki ndani ya kila kipande, na mtu asiyepata kipande hapati kitu. Lakini ikipikwa pilau, mambo ni mengine. Nyama huchemshwa kwanza pamoja na mifupa, ambayo mchinjaji huiuza kwa bei ndogo. Utamu wa nyama na wa mifupa hutoka na kuingia katika supu. Mchele hunywa supu ile, na hivyo kila punje ya wali hupata sehemu yake. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, ambazo Unguja na Pemba zilipata sifa kwazo duniani, huongeza harufu na ladha; navyo hutiwa kidogo tu, kwa hiyo gharama yake si kubwa.

Hata hivyo vipande vihesabiwe. Kilo 5 ni gramu 5,000. Kila kipande kikiwa cha gramu 25, vipande ni 200. Watu wazima 70 wapate viwili viwili, jumla 140. Watoto 40 wapate kimoja kimoja, jumla 40. Vinabaki vipande 20, navyo ni vya wageni kumi wasiotarajiwa, viwili viwili. Kila mtu amepata, wala hakuna aliyepata mfupa mtupu. Vipande vikikatwa vikubwa kwa vidogo bila kipimo, ugomvi huanza kwenye sinia.

Katika jambo hili pana onyo. Mpishi anaweza kuongeza ladha, lakini hawezi kugeuza maji kuwa chakula. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi ya Ayalandi, na njaa kubwa ikafuata, hata watu wapatao milioni moja wakafa. Mwaka 1847 mpishi Mfaransa aliyesifiwa sana mjini London, jina lake Alexis Soyer, alikwenda Dublin akajenga jiko kubwa la kuwalisha maskini. Katikati aliweka birika la kupikia lenye kuingia galoni 300, yaani zaidi ya lita 1,300. Kengele ilipolia waliingia watu mia, kila mmoja akakuta bakuli na kijiko kilichofungwa kwa mnyororo kisiibwe. Waliisha kula, wakatoka na kipande cha mkate, na mia wengine wakaingia. Kwa utaratibu huo maelfu ya watu walipewa chakula kila siku, na utaratibu wake ulisifiwa. Lakini waganga waliipima supu yake wakasema kuwa ni nyepesi mno. Ilijaza tumbo kwa saa moja, bali haikuupa mwili nguvu za kutosha. Basi yafaa kumwiga Soyer katika utaratibu wake, wala si katika wingi wa maji.

4. Moto na sufuria

Kuni nazo hununuliwa kwa fedha, au hutafutwa kwa jasho. Kwa hiyo kuzihifadhi ni kuhifadhi mali. Sufuria moja kubwa hutumia kuni chache kuliko sufuria nyingi ndogo zenye chakula kile kile. Sababu yake inaonekana kwa hesabu. Tuchukue sanduku lenye urefu, upana na kimo cha sentimeta 10. Ndani yake huingia lita moja ya maji, na pande zake sita zina jumla ya sentimeta mraba 600. Tuchukue na sanduku jingine la sentimeta 20 kila upande. Hili huingia lita 8, na pande zake zina sentimeta mraba 2,400. Lakini masanduku madogo manane, yenye lita zile zile 8, yana sentimeta mraba 4,800. Joto hupotea kwa kupitia pande. Kwa hiyo masanduku manane madogo yana nafasi ya kupoteza joto mara mbili ya lile moja kubwa. Ndivyo ilivyo na sufuria.

Lakini kila jambo lina mpaka. Wali mwingi mno katika sufuria moja hulemea ule wa chini, nao husagika na kuwa kama uji, hali wa juu ungali mbichi. Kwa hiyo kilo 15 hupikwa katika sufuria mbili, kila moja yenye kuingia lita 40 hivi. Wali wa kilo saba na nusu ukiisha kuiva utaijaza sufuria ile kiasi cha thuluthi mbili, na nafasi ya kugeuza kwa mwiko itabaki.

Mafiga yawekwe mahali pasipo na upepo, na kuni ziwe kavu, kwa sababu kuni mbichi hutumia joto lake kujikausha kwanza. Sufuria ifunikwe. Mchele hutiwa wakati supu inapochemka, kisha chumvi huonjwa. Maji yakikaribia kukauka, moto hupunguzwa chini, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, wali upate joto la chini na la juu, uive bila kuungua. Kwa sufuria kubwa maji hayaongezwi kwa kipimo kile kile cha sufuria ndogo, bali hupunguzwa kidogo, maana sehemu ndogo zaidi ya maji hupotea kwa mvuke.

Maharagwe hulowekwa usiku kucha. Kwa kufanya hivyo huiva upesi, na kuni hupungua. Asubuhi maji yale humwagwa, na maharagwe hutiwa maji mengine. Yapasa yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu inayotapisha watu, na moto mdogo usiochemsha hauiondoi. Kadhalika mwenye kupika kisamvu sharti akitwange na kukichemsha sana, maana majani ya muhogo nayo yana sumu yakiwa mabichi.

Maji yasisahauliwe. Watu 120 wakinywa nusu lita kila mmoja, hiyo ni lita 60, sawa na madebe matatu ya lita 20; nayo ni maji yaliyochemshwa jana yake yakapoa. Madebe manne ni ya kupikia, na matano au zaidi ni ya kunawa mikono na kuosha vyombo. Basi madebe yasiyopungua kumi na mawili yawepo kabla moto haujawashwa.

5. Mikono mingi

Methali yasema, “Kidole kimoja hakivunji chawa.” Karamu si kazi ya nyumba moja. Jirani huyu huleta mzigo wa kuni, yule huleta nazi, wengine huazima sufuria, masinia na mikeka. Kila kilichoazimwa kiandikwe pamoja na jina la mwenyewe, kirudishwe kesho yake kikiwa safi. Asiyerudisha hataazimwa tena. Watoto nao wana kazi: kuchagua mawe katika mchele, kukuna nazi, kuchota maji, na kunawisha wageni.

Tuseme watu watakula saa saba mchana. Jana yake jioni mchele huchaguliwa, maharagwe hulowekwa, vitunguu humenywa. Asubuhi saa kumi na mbili moto huwashwa. Saa moja nyama na maharagwe huwa motoni. Saa tano mchele hutiwa katika supu. Saa sita na nusu kila kitu kimeiva, na kachumbari ya nyanya, vitunguu na ndimu hukatwa wakati huo, isikatwe asubuhi ikachacha.

6. Kupakua

Chakula cha kutosha huweza kupunguka kwa upakuzi mbaya. Katika Injili ya Marko imeandikwa habari ya watu elfu tano na mikate mitano na samaki wawili. Muujiza ule si kazi ya mpishi. Lakini tazama utaratibu. Kabla ya mkate kumegwa, watu waliketishwa juu ya majani, safu safu, mia mia na hamsini hamsini. Na baada ya kula, mabaki yalikusanywa, vikapu kumi na viwili.

Katika karamu hii watu wazima 70 hukaa watano watano, na masinia ni 14. Watoto 40 hukaa vivyo hivyo, na masinia ni 8. Wasiotarajiwa wana masinia mawili. Jumla ni masinia 24. Mpakuzi awe mtu mmoja kwa kila sufuria, na upawa mmoja. Sinia la watoto hupata nusu ya sinia la wakubwa. Kwanza hupelekewa wageni waliotoka mbali na wazee, lakini kipimo cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza. Mpakuzi anayejaza masinia ya mwanzo ili asifiwe huwaibia watu wa mwisho, ambao mara nyingi ndio maskini, wajane na watoto. Wapishi na wachota maji nao wana sehemu yao, mwenyeji asiwasahau.

7. Mabaki

Sufuria kubwa hupoteza joto polepole. Sifa hiyo ilihifadhi kuni, lakini baada ya karamu hugeuka kuwa hatari. Wali uliobaki ndani yake hukaa vuguvugu muda mrefu, na katika vuguvugu vijidudu huzaana upesi. Wako vijidudu vya mchele vinavyojifunika kwa ganda gumu, hata kuchemka hakuviui. Wali ukikaa vuguvugu huamka, huzaana na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo chakula kisikae vuguvugu zaidi ya saa mbili. Mabaki yatandazwe juu ya masinia yapoe upesi, yagawanywe kwa majirani wayale siku ile ile, au yawekwe mahali pa baridi. Kilichochacha kisiliwe.

Siku ya pili mwenyeji huifungua karatasi yake, akaandika kilichotumika, kilichobaki na kilichopunguka, kwa faida ya karamu nyingine na ya jirani atakayekuja kuuliza. Akikuta kwamba wageni wote walikula, vyombo vimerudi kwa wenyewe, na fedha za ada ya shule ziko pale pale alipoziweka, karamu yake ilikuwa njema.

Maswali

1. Kwa nini haifai kununua nyama kabla ya mchele?
2. Wamealikwa watu wazima 54 na watoto 36. Ongeza fungu moja kwa kila mafungu tisa. Utanunua mchele kilo ngapi?
3. Sanduku lina sentimeta 30 kila upande. Huingia lita ngapi? Pande zake zina sentimeta mraba ngapi? Linganisha na masanduku 27 ya sentimeta 10.
4. Jiko la Soyer lilisifiwa kwa jambo gani, na supu yake ililaumiwa kwa jambo gani?
5. Eleza kwa nini wali uliobaki usiachwe ndani ya sufuria kubwa.